Daftari la Masii



Tangu tulipozungumza hapa juu ya watoto wanaochelewa kusema, swali moja limenijia mara kwa mara kutoka kwenu akina mama: mtoto kiziwi akipandikizwa kile kifaa cha kusikia ndani ya sikio, je, atasikia siku hiyo hiyo? Hapana. Upasuaji ni kazi ya saa chache. Kumfundisha mtoto kusikia ni kazi ya miaka, na sehemu kubwa ya kazi hiyo huwaangukia watu wa nyumbani. Nayasema haya kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kutoa shauri baya katika jambo hili, na aliyelisahihisha ni bibi mmoja wa Kikamba asiyejua kusoma, kwa msaada wa daftari la shule.

Binti wa mdogo wangu ameolewa Masii, katika Machakos, njia ya kwendea Kitui, kabla hujafika Wamunyu kwa wachonga vinyago. Mwanawe wa kike alikuwa ameshaanza kusema, Kiswahili cha mamake na Kikamba cha susu wake, yaani mama wa babake, alipopatwa na homa ya uti wa mgongo kabla hajatimiza miaka mitatu. Alipona, alhamdulillah, lakini alitoka hospitali hasikii. Madaktari walihimiza tusikawie, kwani baada ya homa hiyo mfupa waweza kuota ndani ya sikio na kuziba njia ya kifaa. Jamaa wa Mombasa na wa Masii wakachanga, na upasuaji ukafanywa Nairobi.

Nieleze kidogo namna kinavyofanya kazi, maana bila ya hilo yaliyofuata hayatafahamika. Sikio la ndani lina kijumba kiitwacho koklea, kilichojipinda mfano wa ganda la konokono, mizunguko miwili na nusu. Ndani yake mna vinyweleo vidogo mno vinavyoupokea mtetemo wa sauti na kuupasha mshipa wa usikivu. Sauti nyembamba hupokewa karibu na mlango, na sauti nene hupokewa kileleni, ndani kabisa. Homa iliviharibu vinyweleo vya mtoto wetu, lakini mshipa ulibaki. Kwa hiyo daktari hupitisha ndani ya koklea uzi mwembamba wenye elektrodi, wa mtoto wetu unazo 22, na kila moja huusisimua mshipa mahali pake. Nje, nyuma ya sikio, hukaa prosesa yenye maikrofoni na betri, na kando yake kisahani cha sumaku kinachonata juu ya ngozi ya kichwa na kupeleka habari ndani bila ya waya kupenya. Profesa Graeme Clark wa Melbourne, ambaye baba yake alikuwa hasikii vizuri, alitatizika sana na namna ya kuupitisha uzi katika njia iliyopinda, mpaka siku moja ya mwaka 1977, akiwa ufukweni, akajaribu kuingiza unyasi katika kombe la bahari, akaona unapita. Mwaka uliofuata alimpandikiza mgonjwa wake wa kwanza. Sisi tuliozaliwa pwani tumeyachezea makombe hayo tangu utotoni, na hatukuona kitu humo ila uvumi wa bahari.

Siku ya kukiwasha kifaa haiwi siku ya upasuaji. Hungojwa majuma kadhaa hata kidonda kipoe. Mimi nilisafiri kutoka Mombasa na mkoba wa kashata na halua, nikitaraji kumwona mtoto akigeuka na kutabasamu aitwapo jina lake. Kilipowashwa alishtuka, akalia kilio cha hofu, akakibandua kisahani na kukitupa sakafuni. Nilirudi na kashata zangu.

Laiti ningalijua mapema kwamba huo si mkosi. Watu wazima waliopoteza usikivu na kisha wakapandikizwa husimulia kwamba mwanzoni sauti za watu huwajia kama mlio wa ndege, au kengele, au mtu anayesemea ndani ya debe. Ubongo ndio unaojifunza, siku baada ya siku, kwamba mlio ule ni sauti ya mama na huu ni mlango. Na kifaa nacho hakiachwi kama kilivyowashwa. Mtaalamu wa usikivu hukiunganisha na kompyuta na kupima kila elektrodi viwango viwili: sauti ndogo kabisa anayoisikia mtoto, na sauti kubwa kabisa anayoweza kuistahimili bila ya kuudhika. Viwango hivi vyote pamoja huitwa ramani. Ramani ya kwanza hufanywa ya chini kwa makusudi, kisha hupandishwa polepole, kwa sababu mshipa huzoea na hali ndani ya sikio hubadilika. Ndiyo maana huambiwa urudi baada ya juma, baada ya mwezi, baada ya miezi mitatu, baada ya sita, na hatimaye angalau mara moja kila mwaka. Kutoka Masii hadi Nairobi na kurudi ni siku nzima ya matatu na ya kungoja, na nauli yake si haba kwa fundi seremala, kazi ya babake. Hapo ndipo familia nyingi hukatikia njiani.

Mwezi wa tatu binti yangu alinipigia simu. "Mama mkubwa," akasema, "mtoto jicho lake linakonyeza lenyewe. Upande wa kifaa. Na mdomo wavutika kidogo."

Nikamjibu, "Subiri mwanangu, atazoea."

Hilo ndilo shauri baya nililolitaja. Nililitoa kwa nia njema na bila ya elimu, nikaliita subira. Jirani yake mmoja alisema ni husuda, mtoto amepigwa jicho kwa ajili ya kitu cha thamani anachovaa kichwani. Mama mtu, kati ya shauri langu na lile la jirani, alifanya kilichokuwa rahisi: alikivua kifaa akakifungia kabatini. Kilikaa humo majuma matatu. Kwa mtoto wa umri ule majuma matatu ya ukimya si machache, kwani hii ndiyo miaka ambayo ubongo hujifunza lugha kwa wepesi, na usiposikia hugeukia shughuli nyingine.

Aliyefungua kabati ni susu. Ajuza huyu hakuwa amesoma chochote, lakini alikuwa akishinda na mjukuu wake jikoni na uani, na aliona jambo ambalo sisi wenye simu na masomo hatukuliona. Jicho halikonyezi kwa kila kelele. Lori lenye mngurumo likipita barabarani, jicho limetulia. Kifuniko cha sufuria kikianguka, au mtoto wa jirani akipuliza filimbi, jicho hukonyeza papo hapo. Alimtaka mkaza mwanawe ayaandike. Basi mama akamvika mtoto kifaa tena, sauti ikiwa imepunguzwa, na kwa siku nane akaandika katika daftari: sauti gani, saa ngapi, jicho lilifanya nini.

Daftari hilo lilipofika mezani kwa mtaalamu, alilisoma mara mbili kabla ya kugusa kompyuta. Mshipa unaoendesha misuli ya uso hupita jirani mno na koklea, na wakati mwingine umeme wa elektrodi moja au mbili huvuka na kuugusa, hasa mfupa ukiwa umeharibiwa na maradhi kama yale. Alizijaribu elektrodi moja moja huku akilitazama jicho. Mbili zikapatikana. Akazizima, na sauti zilizokuwa zao akazigawia jirani zake. Jicho likatulia, na elektrodi 20 zilizobaki zinatosha sana kusikia maneno. Hapakuwa na husuda, wala hapakuwa na cha kuzoea.

Tangu hapo kila asubuhi huanza na zoezi dogo ambalo yeyote miongoni mwenu aweza kulifanya. Kuna sauti sita alizozichagua mtaalamu Daniel Ling kwa ajili ya kupima: a, u, i, m, sh, s. Kwa bahati zote ni sauti za Kiswahili. Mama huketi kando ya mtoto, upande wa kifaa, ili asimsome midomo, hutamka moja, na mtoto akiisikia hutia punje ya maharagwe ndani ya mkebe, akiweza huirudia. U na m ni nene, s ni nyembamba kuliko zote, nyingine zimo kati. Mtoto akiikosa s siku mbili mfululizo, au akiisikia i kana kwamba ni u, mama ajua kuna sauti nyembamba zisizofika; huangalia kwanza betri na maikrofoni, kisha hupiga simu hospitali.

Msidhani s ni kitu kidogo. Siku moja susu alimkemea mtoto jikoni, "Usiguse!", na mtoto akaugusa mkono wa sufuria iliyotoka motoni. Haukuwa ukaidi. Lugha yetu huweka katazo lote ndani ya "si" fupi katikati ya neno. Isipofika, hubaki kitu kama "uguse". Tukio hilo nalo liliandikwa, na marekebisho yaliyofuata yaliipandisha s.

Wengi wenu mtauliza habari za mtandio. Mtoto huyu bado mdogo, walakini mamake ameshajaribu. Maikrofoni iko juu ya sikio, basi kitambaa kizito huififiza sauti, na kile cha nailoni kinachoteleza humletea mchakacho kila ageuzapo kichwa. Pamba nyepesi isiyobana hupitisha vizuri, ila kisahani huweza kubanduka mtandio ukivutwa. Kwa udhu, prosesa na kisahani huvuliwa, kichwa kikapakwa maji na kukaushwa, kisha hurudishwa. Wakati wa kuoga na kulala pia huvuliwa, na saa hizo mtoto ni kiziwi kama awali. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba aliyepandikizwa asifundishwe ishara. Lugha ya Ishara ya Kenya ni miongoni mwa lugha rasmi za Bunge katika Katiba ya 2010. Haina aibu yoyote kutumika bafuni kwa binti yangu.

Jambo moja halitatengenezwa na ramani yoyote iliyopo sasa. Kifaa hiki kiliundwa kwa ajili ya maneno, na hupanda na kushuka kwa sauti hukipitisha kwa uhafifu. Kikamba ni lugha ambayo kupanda na kushuka huko hubadili maana, hivyo susu hulazimika kusema naye polepole na kwa sentensi nzima ili maana ipatikane kwa maneno ya jirani. Na akianza chuoni, ustadhi asimpime kwa lahani. Urefu wa madda na mapigo ya aya atayashika; mahadhi huenda yasimfikie kama yanavyotufikia sisi. Amketishe mbele, mbali na feni na dirisha la barabarani.

Vifaa vingine siku hizi huweza kurekebishwa kwa mbali kwa intaneti, iwapo hospitali ina mpango huo. Kabla ya kukubali upasuaji, ulizeni hilo, na ulizeni pia bei ya betri na ya waya wa kisahani, kwa maana waya hukatika, na mtoto hangoji mchango wa pili.

Juzi binti yangu alinitumia picha ya ukurasa wa karibuni. Daftari ni la tatu sasa. Jumatatu: sauti zote sita. Jumanne: sita. Jumatano: tano, s hakuna, betri imebadilishwa, s ipo. Alhamisi: mvua juu ya mabati, ameziba masikio, amecheka. Chini yake, kwa wino mwekundu, tarehe ya kurudi Nairobi.