Chupa ya Aidini Bila Maji Si Huduma ya Kwanza



Anayeingia Juba kwa barabara ya Nimule hufika Sherikat kabla ya kuvuka Mto Nili. Tangu lami ya barabara hiyo, yenye urefu wa kilomita zipatazo 192, ilipokamilika mwaka 2012, malori kutoka Mombasa na Kampala yamekuwa yakishuka nayo, na nyuma ya malori zimefuata gereji, maghala, karakana za kuchomelea vyuma na kazi za ujenzi. Hapa dereva wa Mombasa, makanika wa Kampala na kibarua mwenyeji huelewana kwa Kiswahili. Na penye kazi nyingi za mikono hapakosi majeraha. Bati hukata, msumari hudunga, nondo huchana. Kwa hiyo leo tunataka kusema juu ya dawa ambayo karibu kila mmoja wetu anaijua: aidini, ile dawa ya rangi ya hudhurungi iliyomo ndani ya kabati la msimamizi.

Hatujamsahau utingo mmoja aliyechanwa mguu na bati la ubavu wa lori wakati wa mvua. Kidonda kilijaa tope. Msimamizi alileta chupa ya aidini akaimimina nusu nzima juu ya damu na tope. Kijana alipiga kelele, nasi tuliosimama pale tukamwambia avumilie, maana dawa inayouma ndiyo inayoponya. Akafungwa kitambaa, akarudi kupakua mizigo. Siku ya nne mguu ulikuwa umevimba na kunuka usaha, akavushwa mto kupelekwa hospitali. Alikaa majuma mengi bila kazi na bila mshahara.

Dawa ile haikuwa mbovu. Tulioitumia ndio tulikosea, na sisi wa ukurasa huu tulikuwa miongoni mwao. Basi tuseme wazi: aidini haifanyi kazi juu ya uchafu. Damu, usaha na udongo huila nguvu yake kabla haijawafikia vijidudu. Kazi ya kwanza ni ya maji na sabuni, na aidini hufuata baadaye.

Inafaa kuijua dawa yenyewe. Aidini iligunduliwa mwaka 1811 na Mfaransa Bernard Courtois, katika majivu ya magugu ya baharini. Kwa muda mrefu ilitumika kama tincha, yaani aidini iliyoyeyushwa katika spiriti, na spiriti hiyo ndiyo inayochoma sana kidonda. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Marekani walipata njia ya kuifungamanisha aidini na kitu kingine kiitwacho povidoni, ili itoke kidogo kidogo na isiunguze nyama. Hiyo ndiyo iliyo katika chupa nyingi za leo, na wengi wanaijua kwa jina la biashara la Betadine. Lebo ikisema asilimia 10, maana yake ni povidoni aidini asilimia 10, ambayo ndani yake mna aidini yenyewe kiasi cha asilimia 1 tu. Inatosha. Huua bakteria, ukungu na virusi vingi. Kwa hiyo maumivu si kipimo cha dawa. Anayetafuta ile inayouma zaidi anajitesa bure.

Namna ya kuitumia ni hii. Nawa mikono. Osha kidonda kwa maji safi yanayotiririka na sabuni mpaka udongo utoke. Hapa Sherikat, ambapo maji mengi ni ya kununua kutoka kwenye lori au ya dumu, yachemshwe kwanza na kupoa, au yawe ya kunywa. Kausha kwa shashi safi. Kisha paka aidini kiasi chembamba juu ya mkwaruzo au mkato mdogo na pembeni mwake, uiache dakika mbili hivi mpaka ikauke yenyewe. Ndipo ufunge. Usifunge bendeji ikiwa imelowa chapachapa, wala usiiache ikatuama chini ya mgonjwa aliyelala, kwa maana huunguza ngozi. Rangi ikififia, nguvu nayo imekwisha. Kidonda kikiwa safi na kimeanza kupona, acha kukipaka, kwani dawa ikizidi huchelewesha nyama mpya.

Kuna watu na majeraha ambayo aidini haiwafai. Aliyewahi kutokwa na vipele kwa sababu yake asipakwe. Mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo, mama mjamzito na anyonyeshaye wamuulize kwanza mganga, na mtoto mchanga asipakwe bila amri ya daktari, kwa sababu aidini hupenya ngozi ikaingia mwilini. Vivyo hivyo, jeraha kubwa la moto lisipakwe aidini. Ndugu mchomeleaji akiungua, sehemu iliyoungua ipozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe kwa daktari. Aidini ya kawaida isitiwe machoni wala isimiminwe ndani ya tundu la jeraha refu. Isichanganywe na dawa nyekundu ya zebaki wala dawa ya povu. Tincha isikaribie cheche, kwa kuwa spiriti hushika moto. Wale wanaotia petroli au mafuta ya breki katika kidonda, tunawaomba kwa jina la udugu waache leo.

Tena aidini si chanjo. Msumari wenye udongo huleta pepopunda, na pepopunda huzuiwa kwa sindano. Mbwa akiuma, osha jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15 kamili, paka aidini, kisha nenda siku hiyo hiyo kutafuta chanjo ya kichaa cha mbwa, usingoje kesho. Jeraha lenye kina, lisiloacha kutoka damu, au linalovimba na kutoa usaha ni la hospitali.

Chupa nayo itunzwe. Ifungwe, iwekwe kivulini, isichomwe na jua juu ya dashibodi ya lori, na tarehe yake isomwe. Mdomo wa chupa usigusane na kidonda wala na pamba iliyotumika. Mwaka 1981 madaktari wa Marekani waliandika habari za bakteria walioishi ndani ya aidini yenyewe, seuze katika chupa yetu inayoachwa wazi vumbini! Na isihamishiwe katika chupa ya soda. Mtoto hawezi kusoma alichokusudia baba yake.

Hayo ni wajibu wetu. Sasa tuwageukie waajiri. Wako wanaonunua chupa moja ya aidini, wakaiweka kabatini, wakasema wametimiza. Wengine hudiriki kukata bei yake katika ujira wa kibarua. Sudan Kusini ni mwanachama wa Shirika la Kazi Duniani tangu mwaka 2012. Mkataba Namba 155 wa shirika hilo, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 18 kwamba mwajiri atayarishe huduma ya kwanza ya kutosha, na katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi kitu. Mwaka 2022 mkataba huo uliwekwa miongoni mwa ile ya msingi, ambayo misingi yake kila nchi mwanachama inatakiwa kuiheshimu hata kama haijauridhia.

Madai yetu ni machache na hayana gharama ya kutisha. Kila ua wa malori, gereji na kiwanja cha ujenzi kiwe na dumu la maji safi lisiloguswa kwa kazi nyingine, sabuni, shashi, bendeji na aidini ambayo muda wake haujapita. Awepo mfanyakazi mmoja katika kila zamu aliyefundishwa kuvitumia. Na uwepo usafiri wa kumvusha mto mgonjwa bila kwanza kubishana nani atalipa.

Ndugu, msimamizi akija tena na chupa mkononi, tusishangilie. Tumuulize: maji yako wapi?