KABLA YA KUTIA MKONO NDANI YA MGONO



Leo hatuandiki juu ya mpira wala juu ya zamu ya kufagia. Tunaandika juu ya kile kitu kirefu kinachotoka majini usiku. Kikitokea tu, nusu ya vijana wanakimbia na kulia «nyoka!», nusu ingine wanakikimbilia na kusema «anguille!» Sisi tunaona pande zote mbili zinakosa, na kosa hili linaweza kutuletea kilio.

Tusimulie kwanza. Mwezi uliopita, siku ya posho usiku, tulifuatana na mzee mmoja Mgenia kwenda kuangalia migono yake Lualaba. Mgono wa kwanza ulileta kitu cha urefu wa mkono, chenye pua nyembamba. Tukapiga kelele, mmoja wetu akakipiga fimbo, kikarudi majini. Mzee akasikitika, akasema: «Wajukuu, mumetupa mboga.» Mgono wa tatu ukaleta kingine, kirefu zaidi. Safari hii tulitaka kuonyesha kama tumejifunza. Mdogo wetu mmoja akanyoosha mkono. Pale pale mzee akampiga kwenye kiganja na kafi ya mtumbwi. Alipomulika na tochi tukaona pete nyeusi mwilini, na hakuna pezi hata moja. Alikuwa swila wa majini. Nyoka huyu chakula chake ni samaki. Alikuwa amewafuata mule ndani akanaswa pamoja nao. Mdogo wetu alirudi na uvimbe wa kafi tu. Tunashukuru sana uvimbe ule.

Kosa letu lilitoka wapi? Sehemu moja lilitoka darasani. Tulisoma neno «anguille» kitabuni, tukaona picha yake, basi tukalibandika juu ya kila samaki mrefu wa kwetu. Lakini anguille ya kweli huzaliwa baharini, hukua mtoni, halafu hurudi baharini kutaga mayai na kufa. Ile ya Ulaya hutaga katika Bahari ya Sargasso, mbali sana na Ulaya. Johannes Schmidt wa Denmark alitangaza habari hiyo mwaka 1922. Afrika pia iko nayo, ila katika mito inayoingia Bahari ya Hindi: Tana, Pangani, Rufiji, Ruvuma, Zambezi. Lualaba yetu inaenda kaskazini, inapita Kindu na Ubundu, inakuwa mto Kongo, inamwagika katika Atlantiki. Humo anguille hamna. Tulikuwa tunagombana usiku kwa ajili ya mgeni ambaye hajafika!

Wenyeji basi ni nani? Wa kwanza ni yule wa pua nyembamba. Ana safu ya miiba mifupi mgongoni. Ukimpapasa vibaya atakuchoma, lakini hana sumu ya nyoka. Wa pili ni ndugu ya kambale, mwembamba kama kamba, anapenda mabwawa na matope. Huyu mjue kwa ndevu zake. Wa tatu ni yule Walingala wanamwita nzombo, na watu wa Ziwa Viktoria wanamwita kamongo. Anavuta hewa kwa mapafu, na mapezi yake manne ni kama nyuzi. Nyama yake ni nyingi, lakini angalia kidole: anauma kwa nguvu. Wa nne ndiye swila, ambaye sumu yake inaweza kulegeza mwili mpaka pumzi ikakatika.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Taa itangulie, mkono ufuate. Tafuta pezi refu linaloshuka mgongoni mpaka mkiani. Tafuta ndevu. Tafuta mlango wa mashavu nyuma ya kichwa. Nyoka hana hata kimoja katika hivi vitatu. Usipoviona vizuri, mgono ubaki umefungwa mpaka mkubwa afike. Na mtu akiumwa, tusikate kidonda, tusinyonye, tusikaze kamba. Atulizwe, kiungo kisitikisike, apelekwe kwa waganga mbio, usiku ule ule. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliandika kuumwa na nyoka kati ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Sisi wa kando ya mto tusiwe wa kwanza kusahau.

Wako wenzetu wanaosema: «Kila kirefu kiuawe, yaishe.» Sawa, lakini anayesema hivyo asilalamike akiona sahani ya maharagwe peke yake. Tena yule swila hatufuati sisi. Ukimwacha, mara nyingi anaenda zake. Wengine wanasema hiyo ni kazi ya Wagenia, sisi ni watu wa kalamu. Tunawajibu: usiku ule kalamu ilisema «anguille» na kafi ndiyo iliokoa mkono. Afadhali kalamu iende kujifunza kwa kafi.

Tunaomba mwalimu wa biolojia atusaidie kuchora hawa wanne kwenye karatasi kubwa, itundikwe katika chumba cha kulia. Na kila mwanafunzi akienda likizo amuulize babu yake, nyanya yake, au mjomba anayevua: huyu anaitwaje kwa Kikusu? Kwa Kigenia? Majina hayo tuyaandike chini ya picha, juu ya jina la Kifaransa. Wazee walioyajua majina hayo waliwajua samaki wenyewe, na mikono yao iko mizima.

Ni sisi, makapita wa bweni, darasa la mwisho.