Nani Aliyesema?

Mwaka jana nilirekodi mazungumzo sokoni hapa Bunia. Niliandika kila neno na dakika yake, lakini sikuandika msemaji. Matokeo yake, Kilingala cha mteja nikampa muuza samaki, nikahitimisha kwamba mama huyo huchanganya lugha.

Wataalamu wa kompyuta wanalijua kosa hili. Programu kama gem5 huiga kompyuta nzima pamoja na mfumo endeshi wake. Huona prosesa ikisoma au kuandika anwani fulani ya kumbukumbu, lakini anwani haisemi ni uzi upi, yaani mfuatano upi wa maagizo, ulioiomba. Nyuzi za programu moja hutumia kumbukumbu moja. Anayezijua ni mfumo endeshi, unaozigawia zamu. Kwa hiyo mtafiti hufuatilia kila badiliko la zamu, ndipo kila ombi limpate mwenyewe.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Katika Ituri, ambako lugha ya mtu huchukuliwa haraka kuwa kabila lake, kumpa maneno yasiyo yake si kosa dogo. Kitivo kisipokee nakala ya mazungumzo isiyotaja msemaji wa kila zamu. Yangu nimeanza kuiandika upya.