Mikono inakufa ganzi? Angalia gidoni kwanza

Mwezi huu tusemezane juu ya kinga. Ndiyo, kinga. Najua wengine watacheka na kusema kwamba siku hizi kila mutu anapanda pikipiki. Lakini simama asubuhi kwenye barabara ya Bunia kwenda Mongbwalu, ao ile inayopanda kutoka ziwa Albert, na bado utaona watu wakipita na mifuko ya unga, makaa, samaki, vidumu vya mafuta, vyote juu ya magurudumu mawili.

Mutu wa namna hii akifika nyumbani anasema nini? «Mgongo unavunjika. Shingo imekauka. Vidole viwili vya mwisho vimekufa ganzi.» Bibi anapasha maji na kumkanda. Kesho yake wananunua vidonge vya maumivu sokoni, bila kumuuliza munganga. Franka zinaisha, tumbo nalo linaanza kuchoma juu ya vidonge vile, na safari ya pili maumivu yanarudi paka vile. Huyu anasema ni uzee, kumbe iko na miaka 25. Yule anatafuta jirani aliyemroga. Na kinga yenyewe, nani aliiangalia?

Sikiliza vizuri. Ukipanda kinga, uzito wa mwili wako unagawanyika pahali patatu: kiti, pedali na mikono. Gidoni ikiwa chini sana, ao mbali sana, unalala juu ya mikono. Mshipa wa fahamu unaopita katika kiganja, upande wa kidole kidogo, unabanwa kati ya mfupa na chuma; ndiyo maana ni kidole kile na jirani yake vinavyokufa ganzi, si dole gumba. Na shingo? Mwili umeinama, lakini lazima macho yaone njia. Basi kichwa kinavutwa nyuma saa nne, saa tano, na mishipa ya shingo inakaza.

Kijana mmoja atanijibu: «Mbona wakimbiaji wanainama?» Kweli. Mwezi wa 9 mwaka 2025 mashindano ya dunia ya kinga yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika, na Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda mbio za wanaume za zaidi ya kilometa 267, mgongo umelala sawa meza. Yeye anapigana na upepo. Mutu anayekwenda mbio vile, upepo ndio adui yake mkubwa, na kuinama kunampunguza mbele ya upepo. Wewe uliyefunga kilo 80 nyuma na kupanda kilima pole pole, upepo haukujui hata jina.

Lakini usikimbilie kuipandisha mpaka kifuani, sawa mutu anayeshika pembe za ng'ombe. Hapo uzito wote unakaa juu ya kiti, na kila shimo la barabara linapiga moja kwa moja katika uti wa mgongo. Tena kuna hatari nyingine. Mzigo wako uko nyuma. Na wewe ukikaa wima kabisa, gurudumu la mbele linakuwa jepesi. Katika kilima linaanza kuyumba, linainuka, na mutu anaanguka na mzigo wake. Mwenye kubeba mizigo ahitaji kuinama kidogo mbele. Kidogo, si zaidi.

Sasa tuanze kazi. Hapana kuanza na gidoni! Anza na kiti. Panda kinga karibu na ukuta, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa: mguu unyooke. Ukirudisha pedali chini ya sehemu pana ya wayo, goti litapinda kidogo, na ndiyo vizuri. Kiisha hapo tu ndipo uangalie mbele. Kwa mutu wa safari ndefu, mashiko ya gidoni yawe sawa na kiti, ao juu yake vidole viwili, vitatu. Viwiko vipinde kidogo. Kama mikono imenyooka sawa fimbo, gidoni iko mbali. Sogeza kiti mbele sentimeta moja, mbili, kabla ya kugusa kingine.

Kinga nyingi za kwetu, Phoenix za China ao Hero na Avon za India, shingo ya gidoni inaingia ndani ya bomba la uma wa mbele. Juu yake kuna buloni moja ndefu. Ndani, mwisho wa buloni ile, kuna kipande cha chuma kinachobana. Fungua buloni mizunguko mitatu ao minne, usiitoe. Weka kipande cha mti juu ya kichwa chake, piga nyundo mara moja ili kile cha ndani kiachie. Kisha bana gurudumu la mbele kati ya magoti na uzungushe gidoni kushoto na kuume huku ukivuta juu. Ikikataa, ni kutu: tia mafuta, uache mpaka kesho. Ikitoka, pangusa, paka grisi kabla ya kuirudisha.

Hapa nasema kwa nguvu: shingo ile isipande bila kipimo. Sentimeta 7 zibaki ndani ya bomba, yaani vidole vine vya mutu mkubwa. Shingo nyingi ziko na alama ya mistari. Ukiona mistari nje, umepita mpaka. Nimeona watu wanaotafuta sentimeta mbili za raha pahali ambapo chuma hakina tena cha kushika. Chuma kile kinavunjika siku ya mteremko, si siku unayokaa mbele ya nyumba.

Na freni je? Kinga zenye freni za vyuma, vile vijiti vinavyoshuka kutoka gidoni, zinadanganya watu wengi. Ukipandisha gidoni, kijiti kinavuta na gurudumu linabanwa. Ukiiteremsha, kijiti kinalegea na freni haishiki. Lazima ulegeze ekru pahali vijiti viwili vinapokutana, urekebishe urefu, ukaze tena, mbele na nyuma. Bunia iko juu ya meta 1.200, ziwa liko karibu meta 620. Hesabu mwenyewe mteremko wa kwenda Kasenyi kwa mutu ambaye freni yake imelegea. Kama kinga yako iko na kamba, zungusha gidoni mpaka mwisho pande zote mbili uone kama kamba haivutwi.

Mama, neno moja kwako. Kama kinga ni moja kwa jamaa nzima, baba mrefu na kijana wa miaka 14, gidoni ifuate yule anayekwenda mbali. Kwa mwingine mtashusha kiti tu. Pakeni alama mbili za rangi kwenye bomba la kiti, kusiwe ugomvi kila asubuhi. Na kama ganzi ya vidole inabaki siku nyingi hata kisha kurekebisha, ao mkono unakosa nguvu ya kushika kikombe, hapo si kazi ya fundi tena, ni ya munganga.

Ukimaliza, bana gurudumu tena kati ya magoti na ujaribu kupinda gidoni kwa nguvu. Isisogee. Halafu panda bila mzigo, kutoka nyumbani mpaka sokoni na kurudi, ufunguo mfukoni. Panapouma, badilisha nusu sentimeta tu, ujaribu tena. Mzigo utafungwa siku ya pili.