Pikipiki Isisafirishwe Juu ya Vichwa vya Abiria

Yeyote aliyewahi kuketi asubuhi katika stendi ya Nachingwea baada ya fedha za korosho kuwafikia wakulima kutoka minada ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika kilichokusanya katika jina lake silabi za mwanzo za Ruangwa, Nachingwea na Liwale, bila shaka amekwisha kuona namna pikipiki inavyopandishwa juu ya paa la basi: utingo mmoja yuko juu kwenye keria akivuta usukani, wawili wako chini wakisukuma tairi la nyuma kwa mabega, na mwenye mali kasimama kando, mikono kifuani, akimwomba Mungu. Ikifika juu hulazwa ubavu baina ya magodoro na magunia, ikafungwa kwa mipira iliyochanwa kutoka matairi ya ndani ya magari, na basi likaondoka na abiria waliojaa chini yake. Ada hii naiona ni ya hatari na haina udhuru, maana njia iliyo bora kuliko hiyo ipo, nayo ni rahisi.

Huenda msomaji wa mjini akauliza kwa nini chombo kilichoundwa kujibeba chenyewe kibebwe na gari. Sababu ni nyingi. Kijana aliyenunua pikipiki mpya Masasi au Dar es Salaam aghalabu hana leseni bado, wala injini mpya haipendi kukimbizwa safari ndefu siku yake ya kwanza. Mwalimu aliyehamishwa kutoka Ruangwa husafiri na mkewe, watoto na vyombo vya nyumba, asiweze kuwapakia wote nyuma yake. Na pikipiki iliyovunjika haina budi kubebwa hadi kwa fundi, hasa masika yanapogeuza njia za vijijini kuwa tope. Hata huko Uingereza, ambako mashindano ya siku sita ya Scotland ya kupanda miamba na kuvuka mito kwa pikipiki yalianza mwaka 1909, chombo chenyewe, ambacho siku hizi kina uzito wa kilo 70 hivi, hakina kiti cha kukalia wala tenki la kutosha safari, kwa hiyo hupelekwa mashindanoni kwa gari, nacho hufungwa kwa uangalifu. Pikipiki zetu za biashara hupita kilo 100. Lau wao huhadhari hivyo kwa chombo chepesi, sembuse sisi?

Mimi mwenyewe nimeonja taksiri ya jambo hili. Miaka kadhaa iliyopita nilipakia pikipiki yangu juu ya basi moja, nikakaa dirishani upande wa kushoto, na hatukuwa tumekwenda nusu saa nikasikia harufu ya petroli. Nilidhani ni gari lililotupita. Kumbe lilikuwa tenki langu, likitona polepole katika tundu la kifuniko, na matone yakishuka ubavuni mwa basi hadi dirisha la nyuma yangu, ambako mama mmoja alikuwa amemlaza mtoto wake mapajani. Nilipopiga kelele gari lisimame, abiria mmoja nyuma alikuwa ameshika sigara mkononi, hajaiwasha bado. Yule mama alinitazama asinene neno, na mtazamo ule sijausahau hata leo.

Inafaa ieleweke kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupai ukapotea kama moshi wa kuni, bali hushuka, ukatafuta mahali pa chini, ukatulia humo ukingoja cheche. Wanaodhani kwamba dawa ni kuitia pikipiki ndani ya buti la basi wamekosea zaidi, kwani wameufungia mvuke ule chumbani, chini ya miguu ya watu, na katika mabasi mengi jirani kabisa na injini yenye moto. Fauka ya hayo, pikipiki iliyolazwa ubavu humwaga mafuta kwa bomba la kabureta, oili hupenya hadi kwenye chujio la hewa, na betri ya maji huvuja asidi, ambayo ikigusa gunia la ufuta au godoro la mtu huwa ni hasara isiyo na wa kuilipa.

Mahali pa pikipiki ni bodi la gari la mizigo, ikiwa imesimama wima. Naomba niruhusiwe kulieleza hili kwa kirefu, maana nimewaona madereva hodari wakilikosea. Kwanza koki ya mafuta ifungwe na kabureta imwagwe. Kisha uwekwe ubao wa kupandia. Bodi likiwa na kimo cha sentimita 80, ubao wa mita 3 humwezesha mtu mmoja kuisukuma pikipiki kwa raha akisaidiwa kidogo, ilhali ubao wa mita moja na nusu huwa ni ukuta. Tairi la mbele liegemezwe ubao wa mbele wa bodi, baina ya vipande viwili vya mti vilivyopigiliwa misumari ili lisigeuke. Kamba mbili zitoke kwenye usukani, kulia na kushoto, zishuke kwa mshazari kwenda mbele na nje, na zikazwe hata shokapu za mbele zishuke kadiri ya nusu ya mwendo wake. Hapo shokapu yenyewe, kwa kutaka kuinuka, ndiyo inayozikaza kamba daima. Nyuma zifungwe nyingine mbili kuzuia kuruka. Stendi ya pembeni ikunjwe, kwani pikipiki ikiegemezwa stendi, kila shimo la barabara huipiga kama nyundo hadi ipinde au ikatike. Kamba iwe ya katani au mkanda wa kukazia, isiwe mpira, maana mpira hunyumbuka na kuiachia pikipiki iyumbe. Na baada ya kilomita 10 za kwanza dereva asimame akaze upya, kwa sababu hakuna fundo lisilolegea katika njia zetu.

Kirikuu, lile gari dogo la mizigo, kinafaa pia, ingawa bodi lake halifiki mita 2 na pikipiki ya kawaida ina urefu wa mita 2 hivi, kwa hiyo huwekwa mshazari. Tela ni jema kwa mwenye nalo. Ama ile tadbiri ya kutundika pikipiki kwenye chuma cha nyuma ya gari dogo siipendi hata kidogo, kwa kuwa vyuma vingi vya kuvutia tela vya magari madogo vimeundwa kuhimili mzigo wa wima wa baina ya kilo 50 na 100 tu, na uzito uliokaa nyuma ya ekseli huyainua magurudumu ya mbele, yale yale yanayoongoza gari.

Najua hoja ya maskini ni nauli, nayo ni hoja ya haki. Lakini malori yanayoshusha korosho hadi bandari ya Mtwara mengi hurudi bara yakiwa na nafasi, na Fuso moja huweza kubeba pikipiki kadhaa zikisimama safu, wenyewe wakagawana gharama. Kinachokosekana ni mahali pa kupakilia. Nachingwea iliwahi kuwa nacho: mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951, uliiletea reli kutoka pwani, na katika reli mzigo husukumwa kutoka jukwaani hadi ndani ya behewa pasipo kunyanyuliwa juu ya kichwa cha mtu. Reli ile haikudumu miaka mingi baada ya Uhuru, ikang'olewa.

Halmashauri za Nachingwea na Ruangwa haziwezi kuturudishia reli, lakini jukwaa la udongo ulioshindiliwa na kuzungushiwa mawe, lenye kimo cha bodi la lori na mteremko upande mmoja, zinaweza kulijenga katika stendi zao kabla ya mnada wa korosho ujao, na mamlaka ya usafiri ardhini ikawapiga marufuku wenye mabasi kupakia pikipiki juu ya paa siku ile ile jukwaa litakapofunguliwa.