Leseni Bila Hamu

Mara mojamoja ndege ndogo hupita juu ya nyumba yetu hapa Madale ikielekea kaskazini. Wajukuu wadogo hukimbilia uani kuipungia mikono. Kaka yao mkubwa, mwenye leseni ya rubani binafsi, hata kichwa hainui. Ili aipate leseni hiyo niliuza nusu ya shamba langu. Tangu afaulu mtihani, miaka mitatu iliyopita, ameruka mara mbili tu.

Wengi watasema tatizo ni fedha, kwani kukodi ndege ni ghali. Nami nilidhani hivyo, nikajitolea kumlipia safari moja. Akakataa. "Babu," akasema, "kila nikishika usukani namsikia mkufunzi akinifokea."

Basi lawama yangu naielekeza kwenye mafunzo. Kanuni za kimataifa humtaka mwanafunzi awe na saa 40 za kuruka. Kati ya hizo, 10 aruke peke yake, na afanye safari moja ya kilometa zisizopungua 270, akitua katika viwanja viwili tofauti. Kanuni ni njema. Lakini tazama saa hizo zinavyotumiwa. Mwanafunzi huzunguka uwanja uleule, akiruka na kutua, akikaririshwa la kufanya injini ikizimika, au ndege ikipungukiwa mwendo na kuanza kudondoka. Ile safari ndefu nayo hugeuzwa hesabu ya upepo, mafuta na dakika. Nani amwambiaye: tazama chini, hivyo ndivyo Rufiji inavyogawanyika katikati ya mikoko kabla ya kuingia baharini, na kile kisiwa ni Mafia? Nani amfundishaye kumpeleka bibi yake Unguja asubuhi, akamwone dada yake, na kumrudisha kabla ya magharibi? Mtihani ukipita, kila kitu kimekwisha.

Nitajibiwa kwamba angani si mahali pa mchezo, na kwamba mkufunzi mkali huokoa roho za watu. Sikatai, hofu ina kazi yake. Lakini rubani anayeogopa haruki, asiyeruka husahau, na aliyesahau ndiye wa hatari siku atakapopanda tena. Kwa hiyo furaha si anasa. Ndiyo inayomrudisha rubani kwenye mazoezi, na mazoezi ndiyo usalama wake.

Wala sisemi haya kama mtu asiye na kosa. Kwa miaka mingi nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Tuliwakagua wanachuo maazimio ya kazi, maandalio ya masomo, hata mwandiko wao wa ubaoni. Walifaulu. Baadaye nilipowatembelea mashuleni nilikuta wengi hawajafungua kitabu cha hadithi tangu watoke chuoni, na wanafunzi wao vivyo hivyo. Tuliwapa cheti, hatukuwapa hamu.

Nawaomba wakufunzi wa urubani: katika zile saa 40, tengeni saa mbili tu zisizo na alama. Mwanafunzi achague mahali anapopatamani, apange safari mwenyewe, nanyi mkae kimya maadamu hakuna hatari. Mtue, mle samaki, mrudi. Kesho yake mzimieni injini kadiri mpendavyo.

Shamba langu halitarudi, wala silidai. Ningeridhika kumwona kijana yule, ndege ipitapo, akiinua kichwa.