Mlio wa Eksozi Si Nguvu ya Injini

Wahenga walinena kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Methali hiyo hunijia kila gari au bodaboda iliyokatwa sailensa inapopanda kutoka Mbamba Bay kwenda Mbinga. Dereva anaamini ameongeza nguvu. Mimi nashikilia kuwa ameongeza kelele, na deni lake litalipwa na masikio yake.

Tumtendee haki. Bomba lililo wazi hupunguza kizuizi cha moshi, na injini ya mashindano iliyorekebishwa yote huweza kunufaika inapozunguka kwa kasi kubwa. Lakini barabara yetu hupanda kutoka ufuko ulio takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari hadi milima ya Umatengo inayozidi mita 1,300. Mlima hutaka nguvu injini inapozunguka polepole. Mtengenezaji alipima urefu na upana wa bomba ili mawimbi ya moshi unaotoka yasaidie kuvuta hewa mpya. Ukilikata ovyo, msaada huo hupotea. Katika injini ya kabureta, petroli huweza kuwa kidogo mno kuliko hewa, joto likapanda, na valvu ya kutolea moshi ikaungua.

Wengine huondoa hata masega, yaani kifaa kinachopunguza sumu ya moshi, kaboni monoksaidi ikiwamo. Bomba lililochomelewa vibaya huweza kuvujisha gesi hiyo ndani ya gari. Haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na hemoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Basi abiria anayeshuka na maumivu ya kichwa na kichefuchefu asihukumiwe upesi kuwa ana malaria. Apimwe, na pia aulizwe alisafiri katika chombo gani na wenzake wanajisikiaje.

Kuhusu masikio, kanuni inayotumiwa na wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila zinapoongezeka 3, muda salama hupungua kwa nusu. Kwa desibeli 100 ni dakika 15 tu. Seli za sikio la ndani zikifa hazioti tena. Mvumo usiokoma masikioni baada ya kazi ni onyo la mapema.

Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, lakini askari peke yake hatoshi. Ndugu mhudumu wa afya, muulize kila kijana anayeendesha chombo kuhusu usikivu wake, bila kumkemea. Nawe ndugu dereva, mwambie fundi airudishe sailensa. Mama mjamzito unayemkimbiza hospitali usiku anahitaji chombo kinachofika, na wewe unahitaji masikio ya kusikia honi kwenye kona, leo na uzeeni.